Kishoka wa Tandika

Kibamba,
12 Februari 2023

Kaka Khalfani,

Shikamoo.

Mama anakusalimia. Presha yake imetulia kidogo, na Baba mdogo Bakari hajamwacha apungukiwe na kitu. Mie nimeanza chuo mwezi uliopita. Ni chuo cha wananchi tu, siyo kile kikubwa ulichokuwaga unakisema, lakini karakana ipo na mwalimu anajua kazi. Nasoma umeme wa majumbani. Wasichana tupo wawili, mie na Sekela, Mnyakyusa mmoja anayelala kitanda cha juu yangu.

Sikutaka kukuandikia. Mama kanilazimisha. Kasema damu ni damu, na wewe huko gerezani huna wa kukukumbuka. Basi nakukumbuka, na nitakwambia nilivyokukumbuka juzi.

Mwalimu Nassibu alikuwa anatufundisha habari za vishoka. Unajua mwenyewe ndiyo jina la watu kama wewe, fundi asiye na leseni anayeunganishia watu umeme mitaani. Akatafuta mfano, akasema, "Mnaukumbuka moto wa Tandika?" Darasa zima likaitikia. Akaanza kueleza: nyumba ya wapangaji, mama mmoja msusi amelala mchana ana homa, mlango umeshika moto, dirisha lina nondo, majirani wamesimama nje na ndoo za maji wanamsikia. Halafu akaeleza habari za kishoka aliyetandaza waya ile nyumba. Akasema sasa hivi anakula ugali wa serikali na wala halipi umeme. Watu wakacheka.

Na mie nikacheka, kaka. Nilicheka kwa sababu Sekela alikuwa ananitazama.

Hapa hakuna anayejua kama nina kaka. Nimeandikishwa kwa jina la Baba mdogo. Yeye ndiye aliyeshauri hivyo, na yeye ndiye anayenisomesha. Sijui unalala vipi usiku. Yule mama alikuwa na jina, alikuwa anaitwa Jovina. Nilitaka tu ujue kwamba najua.

Mdogo wako,
Somoe


Gerezani,
5 Machi 2023

Somoe mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuiona hati yako, ingawa maneno yana pilipili.

Usijute kucheka. Hata mie ningekuwepo darasani ningecheka, maana hilo la kutolipa umeme ni kweli. Mwalimu wako hajadanganya. Leseni sikuwa nayo, nyumba ile nilitandaza waya mie, na yule mama kafariki. Yaache hapo.

Huku wamenipanga bustani ya mchicha. Taa ya bweni letu inapepesa tangu mwaka juzi. Najua tatizo liko wapi kwa kuisikiliza tu, lakini mfungwa wa kosa kama langu hawezi kupewa bisibisi. Tunakula gizani, tunalala.

Nikuombe mambo mawili. Soma. Ukiambiwa na mtu kwamba umeme umezimwa, usimwamini, kazime mwenyewe na upime mwenyewe. La pili, Baba mdogo mheshimu. Akisema neno usilotaka, nyamaza. Tangu marehemu baba aondoke, yule ndiye paa letu. Habari za Tandika niachie mwenyewe.

Na Jovina namjua kwa jina. Siku nilizokuwa nafanya kazi pale alikuwa ananipa uji.

Kaka yako,
Khalfani


Kibamba,
20 Agosti 2023

Kaka Khalfani,

Shikamoo. Nilichelewa kujibu. Hasira zilinikaa, halafu masomo yakabana.

Sasa tunafanya kazi za mikono. Nimeshapiga bomba za plastiki ukutani, nimeshafunga soketi na kuzifungua mara nyingi hadi kidole cha shahada kimeota sugu. Mwalimu Nassibu kanisifia. Kaniuliza nimejifunza wapi kuchuna waya bila kuujeruhi. Nikamjibu nimeona tu. Sikumwambia kwamba nilikuona wewe, barazani kwa Mama, umekaa na plaiza yako na redio, mie nikiwa darasa la nne nakuokotea maganda.

Hilo ndilo limenifanya nikuandikie. Nimekuwa nikifikiri. Mtu niliyemwona pale barazani alivunja ukuta mzima wa Mama Talha kwa sababu bomba moja limekaa upande. Mama Talha alipiga kelele, wewe ukasema waya ukiuficha vibaya siku moja utamzika mwenye nyumba. Sasa ilikuwaje kwenye nyumba ya Baba mdogo, nyumba ya ukoo wako mwenyewe, ukafanya kazi ya hovyo hadi ikaua?

Niambie uliweka waya gani. Niambie uliweka sakiti breka ngapi. Najua sasa kwamba waya ukizidiwa mzigo, kile kidude kinatakiwa kijikate chenyewe kabla haujapata moto. Kwa nini hakikujikata? Wakati wa kesi nilikuwa Kilwa kwa bibi, hakuna aliyenieleza kitu zaidi ya kwamba umekiri. Nieleze mie, sasa nina akili ya kuelewa.

Somoe


Gerezani,
18 Septemba 2023

Somoe,

Swali lako sitalijibu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kazi nyingi, nikakosea. Nilisema hivyo mbele ya hakimu na akaridhika. Mtu akishakiri haulizwi mara ya pili.

Nimesikia kwa Mama kwamba unataka likizo uende Tandika. Usiende. Kakae na Mama, umsaidie. Umebakiza mwaka mmoja tu. Mwaka ni kitu kidogo, mie nakwambia.

Khalfani


Kibamba,
14 Januari 2024

Kaka Khalfani,

Najua barua hizi zinafunguliwa hapo ofisini kwenu kabla hazijakufikia. Zifunguliwe. Sina ninachoficha mie.

Nimekwenda Tandika. Nyumba imeshajengwa upya, imepakwa rangi ya maziwa, wapangaji wengine wamo. Mama Talha, jirani wa pale, ndiye aliyenielekeza alipo mume wa marehemu, na maajabu ni kwamba yuko hukuhuku Kibamba, karibu na stendi, nimempita mwaka mzima bila kumjua. Anaitwa Audax, mtu wa Karagwe. Anashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Wenzake pale kibandani wana za umeme. Yeye hataki.

Nilimwambia kuanzia mwanzo mie ni nani. Nilidhani atanifukuza. Alivuta kigoda akanipa, akaendelea kushona. Alichonieleza ni hiki.

Ulimaliza kazi yako na taa zikawaka vizuri, na mwaka mzima haikutokea shida. Halafu Baba mdogo akaanza biashara ya barafu. Akaweka mafriza matatu kwenye kile chumba cha pembeni, akayaunga kwenye laini ya taa. Umeme ukawa unajikata kila mara. Wapangaji wakalalamika. Akaja na kijana mmoja kutoka Mbagala, yule kijana akaing'oa sakiti breka na kuunga waya moja kwa moja, na tangu siku hiyo haukujikata tena. Wapangaji wakashukuru.

Jovina ndiye aliyeusikia ukuta. Kitanda chao kilikuwa kimeuegemea. Alimwendea Baba mdogo, akamwambia ukuta wetu una joto na unatoa harufu ya plastiki. Akaambiwa afungue madirisha. Akamwendea tena baada ya siku kadhaa. Baba mdogo akamwambia mbele ya wapangaji wengine kwamba wanawake wa bara wana maneno mengi, kama nyumba haimfai ahame. Wiki hiyohiyo akaugua homa.

Nikamuuliza Audax kwa nini hakusema mahakamani. Kasema hakuitwa. Alikuwa amempeleka mkewe Karagwe kuzika, na aliporudi akakuta kesi imekwisha, kishoka amekiri. Mtu akikiri hakuna shahidi anayeitwa.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Baba mdogo. Nilimkuta anakula, Mama anamkunia nazi uani. Nilimweleza yote niliyoyasikia. Hakukasirika. Alinawa mikono taratibu, akaniambia nikae, nikakataa kukaa. Akasema:

"Wewe unadhani unasomeshwa na nani?"

Nikamjibu, na wewe.

"Unasomeshwa na Khalfani. Muulize."

Nikamgeukia Mama. Hakuinua macho kwenye mbuzi ya nazi. Alisema tu, "Mwanangu, maiti hafufuki," na akaendelea kukuna.

Basi nakuuliza.

Somoe


Gerezani,
2 Machi 2024

Somoe mdogo wangu,

Barua hii haikupitia ofisini. Aliyekuletea ni Anwar, amemaliza kifungo chake. Mpe chai, mtu mwema.

Sikutaka uje kujua. Lakini umeshajua nusu, na nusu itakutesa kuliko yote.

Yale mafriza, Baba mdogo aliniita mie kwanza. Nikamwambia laini ya taa haiwezi kubeba, inabidi tuvute waya mnene kutoka kwenye mita, na kazi hiyo nitaifanya kwa siku kadhaa umeme ukiwa umezimwa. Akaona namchelewesha, barafu itayeyuka. Akamleta mwingine. Hilo nililijua. Nilipita pale siku moja nikaona sakiti breka haipo, nikamwambia, akanijibu kwamba nyumba ni yake.

Siku ya moto walitukamata sote wawili. Tulikaa kituoni usiku kucha kwenye benchi moja. Akaniambia, "Wewe leseni huna, kufungwa utafungwa tu, ukiwa umekosea au hukukosea. Tukienda wote, mama yako na Somoe watakula nini?" Swali hilo ninalo hata sasa. Tukapatana kwamba nitasema hakuna aliyegusa ule umeme baada yangu. Yeye akaapa kwa jina la baba yetu kwamba atamtunza Mama na atakusomesha hadi upate cheti. Mie ndiye niliyechagua umeme. Nilisema asome umeme, asome vizuri, apate leseni, asije akakaa kwenye benchi kama hili.

Na kiapo chake kakitimiza. Hilo mpe haki yake.

Mama alijua tangu mwanzo. Usimlaumu, alikuwa anachagua kati ya mtoto na mtoto.

Nakuomba, Somoe. Nimeshakaa sehemu kubwa ya kifungo. Kwa msamaha wa tabia njema mwakani natoka. Ukilifumua jambo hili sasa, miaka niliyokaa nitakuwa nimekaa bure. Maliza. Chukua cheti chako. Nikitoka nitakuja kukushikia ngazi.

Kaka yako,
Khalfani


Kibamba,
21 Aprili 2024

Kaka,

Anwar nimempa chai na wali, naye kanitafutia njia ya kukufikishia barua hii bila kupita ofisini.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara natafuta mahali uliponiuliza. Hakuna. Ulipatana na Baba mdogo, ukapatana na Mama, ukanichagulia kazi, ukanilipia kwa mwili wako, na mie nikawa namtazama mtu huyu aliyefungwa kwa ajili yangu kama shetani. Nilikuandikia sijui unalala vipi. Ukaniacha niandike. Ulikuwa unaona raha gani?

Na kuna mtu mwingine hamkumuuliza. Mlipokaa kwenye lile benchi mkihesabu nani atakula nini, Audax alikuwa hospitali anasubiri apewe maiti ya mkewe. Yeye ndiye aliyemleta Jovina mjini, kwa kumwambia nyumba ina umeme, atasuka hadi usiku. Mpaka leo anaamini mkewe alikufa kwa uzembe wa kijana ambaye marehemu mwenyewe alikuwa akimpa uji, halafu tena anaamini siyo, halafu tena hajui. Nimekaa naye sana siku hizi. Haombi fidia. Anataka mtu mmoja aseme kwa sauti kwamba Jovina alilalamika na hakusikilizwa.

Tumekwenda polisi, mie na yeye. Mama Talha amekubali kusema aliyoyaona. Yule afisa alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kasema ushahidi wa moto umeshateketea, nyumba imejengwa upya, kila kitu kinategemea neno lako wewe uliyekiri. Barua yako sikuwaonyesha, nataka useme mwenyewe. Watakuja kukuhoji.

Mama amenitoa nyumbani. Hakunipiga wala hakunitukana, aliweka tu nguo zangu kwenye beseni nje ya mlango. Ada ya mwaka huu Baba mdogo alishalipa kabla, kwa hiyo nasoma. Sekela nimemwambia kila kitu. Mwalimu Nassibu nimemwambia pia. Akasema atatafuta mfano mwingine.

Sikuombi unirudishie kitu. Nakuomba neno moja la kweli watakapokuja. Ukilisema, hutakuwa umekaa bure. Utakuwa umekaa kwa kosa la mtu mwingine, na kila mtu atajua. Nitakungoja getini mwenyewe.

Somoe


Gerezani,
9 Juni 2024

Somoe,

Barua hii nayo haikupitia ofisini. Walikuja. Wawili, mwanamume na mwanamke, wenye adabu. Waliniletea kiti.

Nimewaambia kazi yote niliifanya mie na baada yangu hakuna aliyegusa. Wakaniuliza habari za mafriza, nikasema siyajui. Yule mwanamke akaniuliza tena kwa upole, kama anataka kunisaidia. Nikamwambia mdogo wangu ana uchungu, anatafuta njia ya kuninusuru, msimsikilize. Nikatia sahihi.

Usidhani sikufikiri. Siku tatu sikula. Lakini jaribu kuelewa, mdogo wangu. Huku ndani mie ni mtu aliyejitoa kwa ajili ya mama yake na dada yake. Ndiyo kitu pekee nilichonacho ninapoamka. Ningesema kweli, ningekuwa mjinga aliyedanganywa na baba yake mdogo usiku mmoja kituoni. Baba mdogo angefungwa uzeeni, Mama angebaki barabarani, na mie wangenishtaki upya kwa kuidanganya mahakama. Nani angepona?

Jovina Mungu amrehemu. Hakuna neno langu litakalomfaa.

Cheti chako kichukue. Hicho usikiache, nakuomba.

Khalfani


Kigamboni,
24 Novemba 2024

Khalfani,

Nilikaa bila kukujibu hadi nimalize mitihani. Nimefaulu. Cheti nimekichukua, sikukitupa wala sikukichana, maana mtu wa kukitupa ni yule aliye na kitu kingine cha kula. Nimepata kazi kwa mkandarasi mmoja huku Kigamboni, tunatandaza waya kwenye nyumba za ghorofa mbili mbili zinazouzwa kabla hazijaezekwa. Nimepanga chumba. Nilimwendea Mama nikamwambia aje tukae wote. Kasema anaingoja siku ya kutoka kwako. Baba mdogo ameshakuandalia chumba kwenye ileile nyumba ya Tandika, na utakaa dukani kuuza barafu. Mama kanieleza kwa furaha, nami nikamsikiliza hadi mwisho.

Mie usinitafute. Nilikuwa tayari kuitwa dada wa mtu aliyefungwa bure. Nilikuwa tayari hata kuitwa dada wa kishoka. Lakini walipokuwekea kiti ukakaa na kusema tena maneno yaleyale, usiku ule haukuwepo, benchi halikuwepo, hakuna aliyekubana. Ulichagua mwenyewe, mchana, na mimi ukanifanya mwongo.

Jambo la mwisho ninalokuandikia ni la Audax, kwa sababu mie ndiye niliyelazimika kumpelekea jibu lako. Polisi hawakwenda kwake. Nilimkuta kibandani, ana sare nyingi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimsomea barua yako, nikasema umekana habari za mafriza, faili limefungwa, hakuna litakaloendelea. Miguu yake haikuacha kukanyaga cherehani. Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akalikunjua lile gauni dogo la buluu na kulitazama kwenye mwanga.

"Basi alikufa kwa homa," akasema.

Nikamwambia hapana, baba, siyo homa.

"Mwenye nyumba hakufanya kitu. Fundi kasema amekosea, na fundi ni mtu mwema, anamtetea dada yake. Wewe ni msichana mwenye uchungu. Kila mtu ana neno lake zuri." Akalikunja lile gauni akaliweka juu ya mengine. "Mimi nilimleta mjini. Nitasema alikufa kwa homa."

Nilitaka kumshika mkono, akauondoa. Akaniomba nisirudi tena pale, akaniomba kwa heshima, akaniita mwanangu. Jumamosi nilipita. Kibanda kina mtu mwingine, na cherehani yake inaendeshwa kwa umeme.

Somoe